Kugawa sauti kwenye "Lean on Me": nusu hatua inayowaangusha wengi

Mtu akiambiwa "wewe chukua sauti ya juu," mara nyingi husikia "imba wimbo huohuo, ila panda kidogo." Anapanda, noti ya kwanza inakaa vizuri, ya pili inaanza kukwaruza, na ya tatu kila mtu amegeuka kumtazama. Sikio lake halina tatizo. Alichopewa kilikuwa wimbo mwingine kabisa, wenye hatua kubwa na ndogo mahali tofauti, naye akauimba kana kwamba ni nakala ya ule wa mwanzo.

Wimbo mzuri wa kulionyesha hilo ni "Lean on Me" wa Bill Withers, wa mwaka 1972. Withers alizaliwa mwaka 1938 Slab Fork, kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko West Virginia, Marekani. Wimbo huu aliutunga akiwa amehamia Los Angeles, kwenye kinanda kidogo cha umeme, na ukiusikiliza utasikia vidole vinavyopanda ngazi kimoja kimoja na kushuka vivyo hivyo. Ulitoka kwenye albamu ya Still Bill, na Julai 1972 ukashika namba moja kwenye chati ya Billboard. Mwaka 1987 Club Nouveau waliurudisha namba moja wakiwa wameutilia mdundo wa kucheza. Kwa mgawa sauti, jambo kubwa kwenye rekodi ya 1972 ni kwamba beti zake zinabebwa na sauti moja. Hakuna kwaya nyuma ya kuiga. Sauti zinazobaki unazijenga mwenyewe, na wimbo wenyewe ni mwepisi kiasi kwamba kila kosa linasikika.

Nitatumia solfa (do re mi fa so la ti, zikiandikwa d r m f s l t), kwa sababu aliyepita kwaya ya kanisa au ya shule anaijua, na kwa sababu solfa haijali uko ki gani, yaani d yako umeiweka kwenye noti ipi ya kinanda. Namba ndogo chini ya herufi ina maana noti iko kwenye okteva ya chini. Majina ya sauti nitayaita wimbo, ya juu, ya chini na besi. Nakwepa "sauti ya kwanza" na "ya pili" makusudi: kwenye kwaya zetu sauti ya kwanza ndiyo hubeba wimbo na ndiyo iliyo juu kuliko zote, na hapa si hivyo. Hapa wimbo uko katikati.

Wimbo wenyewe, ubeti wa kwanza, mistari sita:

1. d – d r m f –
2. f m r d –
3. d r m m r –
4. d – d r m f –
5. f m r d –
6. d r m t₁ d –

Mstari mdogo baada ya herufi ni noti inayovutwa. Wimbo wote unaishi kati ya t₁ na f, yaani nusu okteva. Ndiyo maana mtoto wa darasa la tatu anauweza, na ndiyo maana una nafasi tele juu yake na chini yake kwa watu wengine kukaa.

Kuhusu ki. Rekodi ya Withers iko C. Kwa kundi lenye wanawake au watoto, C inaufanya wimbo uwe chini mno na maneno yanamezwa. Pandisha mpaka F: wimbo utatembea kati ya E na B♭ zilizo juu ya C ya katikati, sauti ya juu itafika D tu, na besi atashuka mpaka B♭ yake bila kukoroma. Kundi la wanaume watupu liweke G. Usichague ki kwa kumsikiliza mwimbaji mmoja mzuri. Chagua kwa noti mbili zilizo hatarini: l ya sauti ya juu na s₁ ya sauti ya chini. Zote mbili zikitoka bila shingo kukaza, ki hiyo inafaa.

Sasa sauti ya juu. Inakaa theluthi moja juu ya wimbo, yaani ukihesabu wimbo kuwa moja, yeye yuko kwenye tatu:

1. m – m f s l –
2. l s f m –
3. m f s s s –
4. m – m f s l –
5. l s f m –
6. m f s f m –

Kaa mbele ya kinanda, kwenye ki ya C ili utumie vibonyezo vyeupe tu. Bonyeza C na E, yaani d na m. Hesabu vibonyezo vyote vilivyo kati yao, vyeupe na vyeusi: vitatu. Sogeza vidole vyote viwili kibonyezo kimoja cheupe kulia, uko D na F, yaani r na f. Hesabu tena: viwili. Sogeza tena, E na G: viwili. Sogeza mara ya mwisho, F na A: vitatu. Kwa hiyo umbali kati ya wimbo na sauti ya juu unaanza mpana, unabana mara mbili, kisha unapanuka tena. Anayejaribu kudumisha umbali mmoja kwa sikio ataimba F ya kupandishwa kwenye noti ya pili, na hapo ndipo ule mkwaruzo unapozaliwa.

Liangalie pia kwa upande wa hatua. Nusu hatua ni kwenda kibonyezo kinachofuata mara moja, cheupe au cheusi; hatua nzima ni nusu mbili. Wimbo ukipanda d r m f, unachukua hatua nzima, hatua nzima, nusu. Sauti ya juu ikipanda m f s l, inachukua nusu, nzima, nzima. Yaani wakati wimbo unapiga hatua kubwa ya kwanza, wewe wa juu unapiga ndogo, na wakati wimbo unapiga ndogo ya mwisho, wewe unapiga kubwa. Jirani yako anapanuka, wewe unabana, na mwili wa binadamu hupenda kumfuata jirani. Dawa yake ni kujifunza sauti ya juu bila wimbo kwanza. Imba m f, m f, m f mara kumi, polepole, mpaka ile nusu hatua uisikie kama mlango unaosukumwa kidogo tu. Kisha m f s. Kisha m f s l. Wimbo ukiletwa mapema, umeharibu kazi.

Kushuka ni shida ya aina nyingine. l s f m inaishia na nusu hatua, na mtu aliyechoka huifanya kubwa, akatua chini ya m. Mstari wa pili ukizama hivyo, mstari wa tatu unaanzia kwenye m iliyozama, na kufika mwisho wa ubeti kundi zima limeshuka robo ya hatua bila mtu kujua. Kwenye f ya mstari wa pili na wa tano, fikiria kwamba noti inayofuata iko karibu kuliko unavyodhani.

Noti zinazovutwa zina siri yake. Sauti ya juu ikikaa kwenye m juu ya d, au kwenye l juu ya f, theluthi ile kubwa huwa inatulia zaidi ikiimbwa chini kidogo ya kile kinanda kinachotoa, karibu sehemu moja ya saba ya nusu hatua. Bila chombo, masikio hulipata lenyewe: ghafla sauti zinaacha kutetemeka dhidi ya nyingine na chumba kinakuwa kama kimejaa. Kinanda kikiwepo, mfuate kinanda, usishindane nacho.

Sauti ya chini ni kituko kizuri:

1. s₁ – s₁ l₁ t₁ d –
2. d t₁ l₁ s₁ –
3. s₁ l₁ t₁ t₁ t₁ –
4. s₁ – s₁ l₁ t₁ d –
5. d t₁ l₁ s₁ –
6. s₁ l₁ t₁ s₁ s₁ –

Itazame vizuri. s₁ l₁ t₁ d ni nzima, nzima, nusu. Ni umbo lilelile la d r m f. Yaani wa chini, kwenye mistari ya kwanza, ya pili, ya nne na ya tano, anaimba wimbo uleule kabisa, ila ameanzia noti nne chini. Umbali wake na wimbo haubanwi wala hautanuki. Kwa hiyo ndiye mwenye kazi rahisi kujifunza, na ndiye mwenye kazi ngumu kuilinda. Baada ya mstari mmoja kichwa chake kinaanza kuamini kwamba s₁ yake ndiyo d, na kwamba wengine ndio waliokosea. Akiwa na sauti nzito atawavuta wote kwenye ki yake. Mfundishe kwa majina sahihi ya solfa tangu siku ya kwanza. Asiimbe kabisa "do re mi fa" kwenye sauti hiyo, hata kwa utani, kwa sababu ulimi ukishazoea jina, sikio linafuata.

Walimu wa kwaya waliokulia kwenye nyimbo za tenzi watanung'unika hapa: sauti tatu zinapanda pamoja na kushuka pamoja kama askari wa gwaride, jambo ambalo vitabu vya sauti nne vinalikataza. Vinalikataza kwa sababu nzuri, lakini kwa mtindo wa tenzi. Kinanda cha wimbo huu kinatembea hivyohivyo, kodi nzima inapanda ngazi kwa pamoja (kodi ya gitaa, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, si ile ya TRA, mamlaka ya mapato): C, kisha D ndogo, E ndogo, F. Ukiupatanisha kwa sheria za tenzi utapata wimbo safi usiofanana na "Lean on Me" hata kidogo.

Mistari miwili inavunja gwaride, nayo ndiyo yenye utamu.

Mstari wa tatu unaishia kwenye neno "sorrow." Silabi ya kwanza wimbo uko m, ya pili unashuka r. Sauti ya juu iko s, inabaki s. Ya chini iko t₁, inabaki t₁. Mtu mmoja tu anasogea. Kwa kitambo kidogo ile m inakaa juu ya s ya besi kama mtu aliyesimama mlangoni hajui aingie au aondoke, kisha inashuka r na kodi inafunguka. Hiyo ndiyo huzuni ya neno lenyewe, na imetengenezwa kwa noti moja. Ukiwaruhusu wengine wawili wasogee pia, imepotea. Kosa la kawaida ni la sauti ya juu: amezoea kumfuata wimbo, akisikia unashuka naye anashuka kwenda f. Ile f si kosa la kupasua masikio, inaleta ladha ya kodi ya saba na watu wengine wanaipenda. Lakini kundi lisiwe na mmoja kwenye s na mwingine kwenye f kwa bahati. Amueni, na mimi naamua s.

Mstari wa sita ndipo ajali kubwa inapotokea. Wimbo unapanda d r m, kisha unaruka kushuka hadi t₁ na kurudi d. Wa chini, kwa wakati uleule, anapanda s₁ l₁ t₁ kisha anarudi s₁. Soma tena: noti ambayo wimbo unaitua, t₁, ndiyo ileile ambayo wa chini ameiacha sekunde hiyohiyo. Wa chini anasikia noti yake ikiimbwa pembeni, anadhani yuko sahihi, anabaki palepale. Kodi inakosa mguu na kila mtu anahisi pengo bila kujua limetoka wapi. Zoezi lake ni la watu wawili tu, wimbo na chini. Imbeni noti mbili hizi pekee: wimbo m kisha t₁, chini t₁ kisha s₁. Simameni kwenye ya pili, mshikilie mpaka pumzi iishe. Rudieni mpaka wa chini aweze kumkabidhi mwenzake noti ile na kuondoka bila kusita. Sauti ya juu wakati huo inateremka s f m kwa hatua, haina ruko. Ile f yake ikikutana na t₁ ya wimbo, zote mbili zinataka kwenda: f inataka kushuka m, t inataka kupanda d. Ziache ziende. t₁ ya wimbo iimbwe juu, karibu na d. Wengi huizamisha kwa sababu wamefika kwa kuruka kushuka, na mruko wa kushuka huwa na uzito wake.

Besi sitamtesa. Mstari wa kwanza anashikilia d mpaka noti ya mwisho, hapo anaenda f. Wa pili anaanza f, anarudi d. Wa tatu d, kisha s kwenye "sorrow," silabi zote mbili. Wa nne na wa tano kama wa kwanza na wa pili. Wa sita d, kisha s, kisha d. Anaweza pia kutembea na wimbo okteva chini, kama mkono wa kushoto wa kinanda, na kwa ubeti mmoja hilo linapendeza. Akifanya hivyo muda wote, sauti tatu za juu zinakosa ardhi ya kukanyaga. Ajue tu kwamba akiwa kwenye d na wengine wakipita m, s na t₁, kuna mkwaruzo mdogo. Ni wa kupita. Asiogope, asibadilishe noti, na wenzake wasikae pale.

Siku ya kwanza usilete sauti zote nne. Kama kundi ni geni kabisa, mpe mtu wa tatu noti mbili tu za juu: d' (d ya okteva ya juu) kwa "uuu," akishikilia mstari mzima, na ashuke t mahali pawili, kwenye "sorrow" na kwenye noti ya nne ya mstari wa sita, kisha arudi. Wimbo, sauti ya juu na hiyo "uuu" vinatosha kuwapa watu ladha ya kodi kamili ndani ya nusu saa. Wakishaonja, watavumilia kazi ya s₁.

Kurekodi kwa simu kunasaidia sana likifanywa kwa utaratibu. Kila sauti irekodiwe peke yake: kwanza toa d, hesabu nne kwa mwendo wa karibu mapigo 75 kwa dakika, imba solfa mara mbili, kisha maneno mara moja. Tuma kwenye kundi la WhatsApp, kila faili na jina la sauti yake, maana "Audio 0047" haimsaidii mtu. Mwenye sauti asikilize kwa siku mbili akiimba pamoja na rekodi yake. Siku ya tatu aache rekodi yake, aweke ya wimbo kwenye sikio moja, naye aimbe sauti yake juu ya ile. Hapo ndipo utajua nani amejifunza na nani alikuwa anaburuzwa. Mtihani wa mwisho ni kuimba dhidi ya sauti nyingine isiyo wimbo: wa juu na wa chini peke yao, wimbo haupo. Wakifika mwisho wa mstari wa sita wakiwa salama, hao wameiva.

Kuimba pamoja kwa simu ya video msijaribu. Sauti inachelewa njiani, kila mtu anamsubiri mwenzake, na wimbo wa dakika nne unakuwa wa sita.

Kwa watu wanane, gawa hivi: wimbo watatu, juu mmoja, chini wawili, besi wawili. Ndiyo, juu mmoja. Sauti iliyo juu kabisa hupenya yenyewe, na ukiweka watatu pale, msikilizaji ataondoka akiimba m f s l akidhani ndiyo wimbo. Mazoezini kila sauti isimame na wenzake, siku ya kuimba wachanganyeni. Wa chini asimame karibu na besi, si karibu na wimbo, kwa sababu ya ile ajali ya mstari wa sita.

Matamshi. Sisi tuna irabu tano safi, na kwenye kugawa sauti hiyo ni mali, ilhali waimbaji wa Kiingereza hufundishwa kwa taabu kutochezesha irabu. Neno "pain" mwisho wa mstari wa pili liimbwe "pee" muda wote wa kuvuta, halafu "in" iingie mwishoni kabisa, pamoja, kwa ishara ya mkono. Mmoja akianza "i" mapema, kodi inapauka hata kama noti zote ni sahihi. Neno "lives" linaishia na z, na z za watu wanane zisipokatwa pamoja ni kundi la nyuki. Mpe mtu mmoja tu aitamke, wengine waache hewa.

Kuna wanaotaka kuuimba kwa Kiswahili. Hesabu ya silabi ni 5, 4, 5, kisha 5, 4, 5, na hilo si gumu kulitimiza. Ugumu uko kwenye mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na mistari ya kwanza na ya pili inaishia na noti moja ndefu juu ya neno la silabi moja. Ukiweka silabi ya mwisho ya neno letu pale, utakuwa unavuta silabi isiyo na uzito, na linasikika kama mgeni anayejifunza lugha. Afadhali silabi yenye mkazo ndiyo ikae kwenye noti ndefu, na ya mwisho idondoke nyuma yake kwa noti ileile, fupi, kama pumzi. Mistari ya tatu na ya sita haina shida hiyo: "sorrow" na "tomorrow" zimekaza kama maneno yetu, kwa hiyo hapo neno lolote la kawaida litakaa. Kurekodi tafsiri na kuitoa hadharani ni suala la haki miliki, hilo lina milango yake.

Kiitikio kinapita kwenye kodi zilezile za ubeti, hivyo sauti zote zinatumika na marekebisho madogo ya maneno. Sehemu ya kati, ile ya makofi, iacheni. Kodi inasimama palepale, mdundo ndio unaofanya kazi. Sauti moja iite, wengine wajibu kwa noti moja wote, bila kugawa. Baada ya nusu dakika ya uwazi ule, gwaride likirudi kwenye kiitikio linaingia na nguvu mpya. Makofi yawe ya vidole viwili juu ya kiganja. Makofi ya kanisani yatafunika sauti ya chini yote.

Mpangilio mmoja unaofaa kundi dogo: ubeti wa kwanza wimbo peke yake, wote kwa noti moja. Mstari wa sita pekee wagawane, na watu watageuka kutazama kilichotokea. Kiitikio cha kwanza ongeza juu. Ubeti wa pili ongeza chini kwa "uuu," wimbo ukibeba maneno. Kiitikio cha pili besi aingie. Besi akisubiri hivyo, kuingia kwake kunasikika. Akiwepo tangu mwanzo, hakuna atakayemkumbuka.

Pumzi ivutwe kwenye mistari midogo niliyoweka mwisho wa kila mstari. Isipokuwa kati ya wa tano na wa sita, ambapo wimbo na chini wapokezane: mmoja avute baada ya "d" ndefu, mwingine avute baada ya noti ya kwanza ya mstari wa sita. Msivute pamoja, na mtu yeyote asivute kabla ya noti ya mwisho, hata kama amebaki na hewa ya kijiko.

Mkimaliza, msinyamaze mara moja. Shikilieni kodi ya mwisho, s₁ na d na m na d ya besi, halafu mtu mmoja abonyeze F kwenye kinanda, yaani d yenu kama mmeimba kwenye ki ya F. Mkiwa mmeshuka, rudini mstari kwa mstari mkibonyeza F baada ya kila d. Mara tisa kati ya kumi mtakuta mmeteleza kwenye mstari wa pili, pale sauti ya juu inapotoka f kwenda m.